Nilizifuta Nyimbo za Mke Wangu, Lawama Inabebwa na Linux

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka nukta ya mwisho kabla hujanishukia, kwa sababu jambo lenyewe ukilisikia juu juu ni la kuchekesha, mtu mzima wa miaka hamsini na minne chakula hakipiti kooni kwa sababu ya kompyuta, lakini nakuapia si la kuchekesha, na jina langu naomba usilitoe kabisa, kwa vile mke wangu hafungui ukurasa mwingine wa gazeti hili kabla hajamaliza wa kwako, kila Jumamosi, na anayemletea hilo gazeti ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa makochi. Nashona, navalisha upya, nabadilisha springi na sponji, kazi ya miaka ishirini na sita, na sijisifu nikisema mikono yangu inajulikana. Lakini ugonjwa wangu ni muziki. Stoo iliyokuwa nyuma ya nyumba nimeigeuza studio, ukutani nimebandika vipande vya sponji vilivyobaki kwenye makochi ya wateja, vya njano chini na vya bluu juu, ukiingia humo hata ukikohoa kikohozi kinafia hapo hapo, na ndani nina meza, maiki moja ya maana, spika mbili, gitaa langu, na kompyuta kuukuu niliyoipata kwa watu waliokuwa wanafunga ofisi.

Mwenye sauti nyumbani ni mke wangu, si mimi. Yeye ni mwalimu wa chekechea, nyimbo anazitunga mwenyewe akiwa anafua au anasahihisha michoro ya watoto, na miaka yote tumekuwa tukisema tutazirekodi, tutazirekodi, unajua watu tulivyo, mpaka mwaka jana uvimbe wa tezi ya shingoni ukakua akawa anameza chakula kwa shida, daktari akasema lazima apasuliwe, na akatueleza waziwazi kwamba mshipa unaoendesha sauti umepita jirani kabisa na ule uvimbe, na kwamba wapo watu wanaoamka na sauti nyingine. Tulitoka pale. Tulipofika getini ndipo akaniambia, "Baba watoto, una wiki tatu za kunirekodi. Nikiamka sina sauti, angalau iwe imebaki humo stoo kwako."

Mshauri, zile wiki tatu ndizo wiki nzuri kuliko zote katika ndoa yangu, na ninaona haya kusema hivyo kwa sababu yeye alikuwa mgonjwa. Nilikuwa nafunga karakana saa nane, yeye ameshatoka shule, watoto wa jirani bado hawajarudi kupiga kelele, tunaingia kwenye sponji zetu tunafanya kazi. Tukamaliza nyimbo tano. Na ni msumbufu huyo mwanamke, usimwone hivi, kila siku alitaka kuisikiliza kazi ya siku hiyo akiwa jikoni, alisema humo ndani ya sponji hata chura angejiona mwimbaji, kwa hiyo nikawa namwekea kwenye kikadi cha kumbukumbu cha ile redio yake ndogo ya jikoni, sauti yake tupu na mlio wa kuhesabia mapigo basi, bila gitaa bila kinanda, anakata vitunguu huku anasikiliza, halafu namwona huyo mlangoni na kisu mkononi, "Ubeti wa pili nimeshuka, kesho turudie."

Upasuaji ulikwenda salama, yuko hai, anakula, tunashukuru. Sauti ndiyo haikurudi. Anaongea kwa kukwaruza, na kuimba hawezi hata mstari mmoja, darasani anatumia kengele na makofi, na yeye mwenyewe anajitania kwamba watoto sasa wanamtii zaidi kwa sababu wanadhani ana hasira. Siku aliyorudi kutoka hospitali aliiwasha ile redio dakika moja, akaizima, akaifunika kwa kitambaa cha meza na kuniambia niipandishe juu ya kabati. Nikaipandisha.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu, kuweka gitaa na kinanda, kusawazisha, nyimbo ziwe nyimbo. Lakini kompyuta ilikuwa imechoka, Windows iliyokuwemo ilikuwa ya zamani sana, na ile programu ya muziki, nisikufiche, ilikuwa ya kunakiliana kwa marafiki, haikuwa na leseni, na pamoja nayo nilikuwa nimeingiza virusi vya kila aina, nikipiga gitaa mara moja kompyuta inaganda mara tatu. Na hapo ndipo anapoingia Pengwini.

Pengwini ni fundi wa redio na televisheni, duka lake na langu tunatumia ukuta mmoja, ni rafiki yangu tangu watoto wetu wanatambaa, na jina hilo tulimbatiza kwa sababu ya stika ya huyo ndege aliyoibandika kwenye kompyuta yake, ndiyo alama ya Linux, mfumo wa kompyuta unaokaa mahali pa Windows. Miaka yote ananihubiria hiyo Linux. Kwamba ni bure na ni halali, kwamba programu za muziki zimo humo humo za bure na za halali, kwamba kompyuta kuukuu ikiwekewa inapata pumzi. Nilikuwa namcheka, lakini safari hii nikasema sawa, na akaniandikia kwa mkono wake nyuma ya boksi la balbu mambo matatu. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Fungua hiyo nakala kwenye kompyuta nyingine uisikilize kwa masikio yako. Windows usiifute, weka Linux pembeni yake mpaka uizoee. Chini akaandika, "Jumamosi nakuja tufanye pamoja."

Ilikuwa Alhamisi, mshauri. Siku mbili tu. Lakini mimi wimbo wa tatu ulikuwa umenikaa kichwani, ule wa kubembeleza mtoto, nilikuwa nimepata gitaa lake lote nikiwa nashona kochi la mteja, vidole vinawasha, nikasema hivi mimi mtu ninayevunja kochi zima na kulijenga upya nitashindwa na kompyuta? Nikachomeka diski ya nje. Nikanakili folda ya nyimbo zake, ndani mna mafaili matano, kila wimbo faili lake, na kunakili kukaisha kabla sijavaa hata miwani, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili siku hiyo, wiki tatu za kazi zinanakiliwaje kwa muda wa kuvaa miwani? Sikushtuka. Linux ikaniuliza kwa adabu kabisa kama nataka ikae pembeni ya Windows au ifute diski yote ianze upya, nikajiambia mtu hakalii makochi mawili, nikabofya ifute, ikaniuliza tena kama nina hakika, nikabofya ninayo.

Na nisiwe mnafiki, Linux yenyewe niliipenda. Kompyuta iliwaka upesi mpaka nikadhani nimekosea, kile kiboksi cha kuchomekea maiki ikakitambua bila kuulizwa, nikapiga gitaa saa nzima haikuganda hata mara moja, nilicheka peke yangu humo stoo. Halafu nikachomeka diski ya nje nifungue wimbo wa tatu, programu mpya ikasema hailijui faili hilo. Nikajipa moyo kwamba ni ugeni tu. Jumamosi Pengwini akaja, akaichukua ile diski ya nje akaenda kuifungua kwa mteja wake mwenye Windows na programu kama ile yangu, na nyimbo zikafunguka, mshauri, zote tano, mistari yote imejipanga na rangi zake, sauti ya kwanza, sauti ya pili, kiitikio, na kwenye kila mstari alama nyekundu, faili la sauti halipatikani. Pengwini akanieleza taratibu, kumbe yale mafaili matano ni maelezo tu ya wimbo, kwamba hapa sauti inaanza na hapa inaishia, lakini sauti zenyewe programu ilikuwa inaziweka kwenye folda yake nyingine huko ndani kabisa ambako mimi sijawahi kufika. Akaniuliza, "Uliisikiliza ile nakala kabla hujafuta?" Nikavua miwani nikaanza kuipangusa.

Jioni ile mke wangu akaniuliza nyimbo zimefikia wapi. Mdomo wangu ukasema, "Zipo, ila hii Linux haijaweza kuzifungua, Pengwini anatafuta njia." Sikuupanga uongo huo, ulitoka wenyewe, lakini nimeulisha miezi minne sasa, wiki hii namwambia Pengwini ameagiza programu fulani, wiki ijayo namwambia bado kidogo, na katika hiyo miezi minne mke wangu ameanza kuichukia Linux kama anavyochukiwa mke mwenza, na kumchukia Pengwini zaidi. Mwezi uliopita Pengwini alipita kunirudishia koleo, mke wangu akamzuia mlangoni, na kwa ile sauti yake ya kukwaruza akamwambia, "Shemeji, wewe ndiye uliyemletea hicho kitu. Mimi sina sauti nyingine. Nifungulie nyimbo zangu, la sivyo usikanyage hapa tena." Pengwini akanitazama. Mimi nikatazama koleo. Akasema, "Nitajitahidi, shemeji," akaondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga, na kwenye ukuta wetu wa karakana sasa nasikia tu anapogongagonga vyuma vyake, hatusalimiani.

Maji yamenifika shingoni kwa sababu binti yetu anakuja mwisho wa mwezi huu na mtoto wake wa kwanza, wa kike, aliyezaliwa baada ya ule upasuaji, na mke wangu amesema anataka mjukuu alazwe kwa wimbo wa tatu. Alisema, "Simtaki anijue kwa sauti hii ya msumeno tu. Msikilizishe ile yangu." Nikamwambia sawa.

Kwa hiyo nimepata wazo, na ndilo ninalotaka ushauri wako. Nataka nirudishe Windows kwenye hiyo kompyuta Jumapili hii, halafu nimwambie kwamba katika kurudisha, Linux imekataa kutoka na nyimbo imezimeza. Kompyuta haina roho, haiumii, haiendi mahakamani. Yeye atalia, nitalia naye, tutaichukia Linux wote wawili na maisha yataendelea. Je, kuna ubaya gani kuisingizia kompyuta? Naomba unijibu upesi.

Ni mimi msomaji wako, fundi wa makochi.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, salamu zitasubiri. Usirudishe Windows. Usirudishe chochote. Zima hiyo kompyuta sasa hivi, chomoa waya ukutani, na gitaa lipige ukiwa umekaa kwenye kochi kama watu wengine.

Mimi kompyuta naijua kuiwasha, kuiandikia na kuilalamikia, kwa hiyo barua yako niliteremka nayo ngazi mpaka kwa dada anayetunza mitambo yetu hapa gazetini. Aliisoma amesimama. Alipofika pale ulipobofya una hakika, akavuta kiti akaketi. Ananiambia kitu kilichofutwa mara nyingi hubaki humo humo chini mpaka kingine kiwekwe juu yake, na wewe kwa miezi minne umekuwa ukiweka juu yake gitaa, kwa hiyo matumaini ni kidogo, lakini kidogo si hakuna. Wapo watu ambao kazi yao ni kufukua diski kama hizo. Mpelekee mmoja wao, mwambie ukweli wote, naye asikuahidi na wewe usijiahidi. Ukirudisha Windows Jumapili, hata hicho kidogo utakuwa umekizika kwa mkono wako.

Akanipa na salamu zako: Linux haina kesi. Ungehama kutoka Windows kwenda Windows nyingine kwa mtindo huo huo, nyimbo zingepotea vile vile.

Sasa pole, ndugu yangu. Naisema kwa moyo wote. Nimeisoma barua yako nikaona mtu anayempenda mkewe mpaka anashindwa kumtazama, na nimekuona humo stoo, kwenye sponji zako, mahali ambapo hata ukilia hakuna atakayesikia. Miezi minne ni mingi kubeba kitu kama hicho peke yako. Kosa lenyewe linasameheka, kwa sababu ulilifanya ukikimbilia wimbo wake, hukuwa unakimbilia jambo la upuuzi. Hata mimi nimefuta picha za marehemu mama yangu nikitafuta nafasi ya kuweka picha za harusi ya mtu nisiyemjua vizuri. 

Lakini, fundi wewe! Ulipewa maneno matatu nyuma ya boksi la balbu, ukayavunja yote matatu kwa alasiri moja. Mteja akikuletea kochi, wewe unaweza kubeba karatasi ya vipimo ukaacha kitambaa dukani, halafu ukasema kochi limekataa kushoneka? Ndicho ulichofanya. Na kisha ukamtafuta wa kumtwisha.

Unaniuliza kuna ubaya gani kuisingizia kompyuta. Kompyuta haiumii, nakubaliana nawe. Pengwini je? Katika barua nzima umeniuliza juu ya roho ya kompyuta, hukuniuliza juu ya roho ya rafiki yako wa tangu watoto wenu wanatambaa, aliyesimama mlangoni kwako akatukanwa kwa kosa lako, na angeweza kukuumbua kwa sentensi moja, akasema nitajitahidi, shemeji. Nitajitahidi! Wewe ukatazama koleo. Nimecheka hapo, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Na mkeo? Unadhani unamkinga na maumivu. Hapana, unamwekea foleni ya maumivu. Kila wiki unampa tumaini jipya la mlango ambao nyuma yake hamna kitu, na yeye anasogea nalo, ameshalifikisha mpaka kwa mjukuu. Huyu ni mwanamke aliyeambiwa na daktari anaweza kuamka bila sauti, na hakuanguka hapo getini, alihesabu siku akakupa kazi. Wa kuogopa ukweli humo nyumbani ni wewe.

Sasa rudi kwenye barua yako, nami nitakuonyesha kitu ulichokiandika bila kukisoma. Umesema kila siku ya zile wiki tatu ulimwekea kazi ya siku hiyo kwenye kikadi cha redio ya jikoni. Umesema ilikuwa sauti yake tupu na mlio wa kuhesabia mapigo. Umesema aliifunika redio kwa kitambaa na wewe ukaipandisha juu ya kabati. Fundi, kikadi kimetoka lini humo ndani?

Nilimwuliza dada wa mitambo kama sauti ya namna hiyo inafaa kitu. Alinitazama kama nimemwuliza kama maji yanafaa kunywa. Anasema sauti tupu na mapigo yake ndiyo hasa mpiga gitaa anayoitaka, gitaa unaliweka juu yake, na mafaili ya redio ya jikoni ni ya kawaida mno, yatafunguka popote, pamoja na kwenye hiyo Linux yako bila ubishi. Wewe ni mwanamuziki, sikio lako limezoea kuuita wimbo pale tu unapokuwa umeuvalisha, ndiyo maana miezi minne umekuwa ukipita chini ya lile kabati ukitafuta nyimbo. Yeye siku zile alizisikiliza zikiwa vile vile, na vitunguu.

Najua sasa hivi umeshasogeza kiti kabatini ukapanda juu yake. Shuka.

Nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokaa na kalamu muda mrefu kuliko popote. Ukianza na kikadi, na nyimbo zikawemo, hutamwambia kamwe. Utasema Pengwini hatimaye amefaulu, kila mtu atafurahi, mjukuu atalala, na wewe utaishi na mke anayekuamini kwa jambo ambalo si kweli, na rafiki aliyekulipia kwa heshima yake. Na kikadi kikiwa kitupu, au kimeharibika, maana navyo huharibika, itabidi umwambie siku hiyo hiyo, ukiwa mikono mitupu na umenaswa juu ya kiti. Kwa hiyo unaanza na mdomo. Kikadi kinafuata.

Mwambie jikoni, huko ndiko anakojiamini. Usimwitie kwenye sponji. Usianze na Linux, usianze na Pengwini, usianze na virusi wala umri wa kompyuta, maana nakujua, utafika kwenye kosa lako wakati chai imeshapoa. Anza hivi: "Nyimbo zako nilizifuta mimi, kwa haraka yangu, na nimekudanganya miezi minne." Halafu unyamaze. Atakachosema akiseme chote, na kwa kuwa sauti yake ni ndogo, usogee karibu umsikie. Usimwambie asilie. Akishamaliza ndipo umwombe ile redio, na ni kumwomba. Yeye ndiye aliyeifunika, na huenda hayuko tayari kuifunua. Akisema bado, basi ni bado, hata kama binti yupo njiani.

Siku hiyo hiyo gonga kwenye ukuta wa karakana. Pengwini akitokea, mpeleke nyumbani kwako na umpitishe kwenye mlango ule ule, mbele ya mkeo, na maneno ya kumsafisha yatoke kwako, yeye asiongeze hata nusu. Kikadi kikitolewa, akishike yeye Pengwini au mkeo, wewe shika tochi. Kinakiliwe mahali patatu, na kila nakala isikilizwe kwa masikio kabla mtu hajagusa kitu kingine. Lile boksi la balbu kama bado unalo, libandike ukutani juu ya sponji za bluu.

Na ukimaliza hayo baki na Linux yako. Umeipenda, ni halali, gitaa haligandi. Ile programu ya kunakiliana usiirudie, na hilo sikwambii kwa sababu ya virusi tu.

Jambo la mwisho ni hili. Umeniomba nilifiche jina lako, nimelificha. Lakini umeniachia makochi, chekechea, kengele, koleo, na sponji za njano chini na za bluu juu, kwenye ukurasa ambao mkeo anausoma kabla ya mwingine wowote. Nilishika kalamu nifute hizo rangi, nikaiweka chini. Mtu asiyetaka kujulikana na mkewe haandiki rangi za sponji. Nadhani ulitaka nikusemee, na mimi kazi hiyo siifanyi, ila naweza kukuwekea siku. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwenye simu Jumatatu, neno kwa neno mpaka aya iliyo juu ya hii, nikakuambia litatoka gazetini Jumamosi. Ulijibu, "Nimepata." Basi umekuwa na siku tano.

Na sasa nageuka upande wa pili wa meza. Mwalimu wangu wa chekechea, najua unasoma. Kama ameshakuambia, liweke gazeti chini, mna kazi jikoni na mjukuu anakuja. Kama hajakuambia, usiseme neno na usirushe kitu. Iteremshe ile redio, chomoa kikadi, kifumbate mkononi, kisha kaa mbele yake umtazame mpaka aanze. Akishasema yote, kwa mdomo wake, ndipo umfungulie kiganja.